Taharuki Mpakani: Mwitiko wa Wasomaji wa Busia na Tororo kwa Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili umeichukua taharuki kuwa mali ya msuko: mwandishi huficha, msomaji hungoja. Makala haya yanadai kwamba taharuki hukamilika ndani ya msomaji, na kwamba hofu anayokuja nayo kutoka nje ya kitabu ndiyo inayoamua amwogope nani. Hoja inajengwa kwa kuzisoma riwaya za Mohammed Said Abdulla na Elvis Musiba kutoka pande mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, katika eneo la Busia, Bulumbi na Tororo, ambako neno mpelelezi halina historia moja.

Utangulizi

Riwaya ya upelelezi imekaa katika Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimzaa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 Ben Mtobwa akamtuma Joram Kiango kufanya kazi ambazo polisi walishindwa. Kwa muda wote huo wahakiki tumebishana juu ya swali moja, nalo limechosha: je, hii ni fasihi? Tukaigawa nyumba, chumba kimoja cha fasihi dhati na kingine cha fasihi pendwa, tukamwacha msomaji barazani.

Msomaji anapotajwa katika mjadala huo, hutajwa kama mtafuna karanga: anatafuna, anamaliza, anatupa maganda, anataka nyingine. Hata wanaomtetea humtetea kwa hoja kwamba karanga nazo zina lishe. Sijaridhika na upande wowote kati ya hizo mbili. Kwa miaka kadhaa nimezungumza juu ya vitabu hivi na wasomaji wa pande zote za mpaka, katika Busia zote mbili, katika vijiji vya Bulumbi na kuelekea Tororo. Sikuwagawia hojaji, kwa hiyo sitatoa asilimia. Ninachotoa ni usomaji wa matini ulioongozwa na mambo waliyonifanya niyaone.

Taharuki na anayeihisi

Tzvetan Todorov, katika makala yake ya 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alionyesha kuwa riwaya ya aina hii hubeba hadithi mbili. Ya kwanza ni hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla kitabu hakijaanza. Ya pili ni hadithi ya uchunguzi, ambayo kazi yake ni kuifukua ile ya kwanza. Katika riwaya ya vitisho na mapambano, hadithi hizo mbili huyeyuka kuwa moja: hatujui tena kama mpelelezi mwenyewe atafika ukurasa wa mwisho akiwa hai. Ukitaka mifano kutoka kwetu, Bwana Msa yuko katika aina ya kwanza na Willy Gamba katika ya pili.

Mgawanyo huu una manufaa, lakini una dhana iliyojificha. Unamchukulia msomaji kuwa amekwishakubali upande aliopangiwa. Anajua kwamba mpelelezi ni wake na mhalifu ni wa wengine. Kilichobaki ni kungoja. Hans Robert Jauss angetukumbusha kwamba msomaji huja na upeo wake wa matarajio, uliojengwa na vitabu vingine alivyosoma na maisha aliyoishi. Kwa msomaji wa mpakani maisha hayo yana uzito kuliko maktaba, kwa sababu maktaba ni chache na maisha yamekuwa mengi.

Mpelelezi ni nani?

Chukua neno lenyewe. Kwa msomaji wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970, mpelelezi katika riwaya za Musiba alikuwa mtumishi wa jambo kubwa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hilo, Makaburu walikuwa adui anayejulikana kwa jina, na Gamba alipowafuata mawakala wao hadi Nairobi au Kinshasa, msomaji alikwenda naye kwa moyo mweupe. Kiswahili alichozungumza Gamba kilikuwa Kiswahili cha ukombozi. Bunduki yake ilikuwa ya wote.

Sasa kibebe kitabu hichohicho hadi Tororo. Nchini Uganda, Kiswahili kilikuwa kimejikita jeshini na katika polisi tangu enzi za ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, mwaka mmoja tu kabla ya Kufa na Kupona kutoka. Lakini kwa raia wengi wa miaka hiyo, mahali pa kukisikia Kiswahili palikuwa kizuizi cha barabarani, kutoka kinywani mwa mtu mwenye sare na silaha. Wapelelezi walikuwapo pia, wa Idara ya Utafiti ya Taifa, ambayo makao yake ya Nakasero wengi waliingizwa wasitoke. Mtu wa serikali, aliyevaa kiraia, mwenye gari zuri, asiyeulizwa maswali, azungumzaye Kiswahili na kubisha mlango usiku: maelezo hayo yanamfaa shujaa wa Musiba, na yanamfaa pia mtu ambaye mkazi wa Tororo alimkimbia.

Hapo ndipo taharuki inapogeuka. Mzee mmoja wa upande wa Uganda, mwalimu mstaafu, aliniambia kuwa alikisoma kitabu cha Gamba kwa usiku mmoja, na kwamba kila Gamba alipoingia katika chumba cha mtu, yeye alimhofia aliyemo chumbani. Mwandishi hakuikusudia hofu hiyo. Wala si usomaji mbovu. Msomaji huyu aliyahisi yote yanayotakiwa na riwaya ya vitisho, mapigo ya moyo na haraka ya kufunua ukurasa, ila aliyahisi akiwa amesimama upande wa pili wa mlango.

Umbali kati ya msomaji huyu na mwenzake wa Busia ya Kenya ni wa kutembea kwa miguu. Wengi wao ni ndugu. Lusamia hakisimami kwenye geti la forodha, na Kiteso pia hakisimami. Lakini yule wa Kenya alijifunza Kiswahili darasani na kukitumia sokoni. Alikitahiniwa, akakichukia kidogo kama wanafunzi wote, na hakukiogopa. Kwake Gamba ni burudani na mfano wa ujasiri. Ndugu wawili, kitabu kimoja, na kila mmoja ana mtu wake wa kumhofia. Nadharia isiyoweza kueleza jambo hili haijaeleza taharuki.

Mpaka kama ukurasa

Inaweza kudaiwa kwamba haya ni makovu ya wazee, na kwamba kijana aliyezaliwa baada ya 1986 humsoma Gamba kama anavyotazama filamu. Ni kweli kwa kiasi. Vijana niliozungumza nao hawakumhofia. Walimcheka, na walimcheka mahali ambapo wahakiki tumepapita bila kusimama: mpakani.

Gamba huingia na kutoka katika nchi za watu kwa wepesi. Hilo linashangaza zaidi tukikumbuka tarehe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kikosi cha Kisasi kilichapishwa 1979, katikati ya kufungwa huko, na ndani yake shujaa anafanya kazi hadi Kinshasa kana kwamba bara lote ni mtaa wake. Kwa msomaji wa Dar es Salaam wa wakati ule, wepesi huo huenda ulikuwa faraja: kitabuni Afrika ilikuwa bado haijafungwa. Kwa kijana wa Busia ni uongo mtupu. Yeye anaishi katika mji uliolipa Kiswahili neno bodaboda, lililotokana na baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Anajua njia za panya, anajua kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018 kilibadilisha nini na hakikubadilisha nini. Swali lake kwa Gamba ni la kitaalamu kabisa: kwa nini hakuna anayemwomba kitu kidogo?

Tukilicheka swali hilo tutapoteza jambo. Katika mfumo wa Todorov, safari ya mpelelezi ni kiungo kati ya tukio na tukio. Kwa msomaji wa mpakani, kuvuka ndilo tukio. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kuwa ya Uganda. Mwaka huo na uliofuata, baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil na bei kupanda, kahawa ya Uganda ilivuka kwa magendo kupitia Chepkube na njia nyingine za eneo hili. Wamugunda Geteria aliifanya biashara hiyo kiini cha riwaya yake ya Kiingereza, Black Gold of Chepkube, ya 1985. Huyo aliona kwamba gunia linalovuka usiku lina taharuki ya kutosha kitabu kizima. Katika Kiswahili tumempa taharuki anayewinda, mara chache sana anayebeba gunia.

Bwana Msa huko Bulumbi

Nilitarajia Abdulla angekuwa mgumu zaidi kwa wasomaji hawa. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina mafumbo na mizaha ya mahali pake. Kumbe Bwana Msa alipokewa vizuri kuliko Gamba, na sababu iliyo wazi ni kwamba hana cheo. Anauliza, anavuta kiko, anamchosha rafiki yake Najum kwa mantiki, na haingii nyumba ya mtu kwa kuvunja mlango. Mzee wa Tororo hakuwa na cha kumhofia.

Lakini taharuki ya riwaya hiyo nayo ilihama. Mzimu wa Watu wa Kale imejengwa juu ya kusita: maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali, imekutwa kwenye mzimu, na msomaji anatakiwa ayumbe kwa muda kati ya mkono wa mizimu na mkono wa mtu, ili mantiki ya Bwana Msa ije impe ushindi. Wahakiki wengine wamesema kwamba hapa Abdulla anaifundisha jamii kuacha ushirikina. Wasomaji wa Bulumbi, ambao misambwa ya wahenga si hadithi ya mbali kwao, hawakuyumba hata kidogo. Waliniambia moja kwa moja kwamba wahenga hawahitaji shamba la mtu. Swali lao la kwanza lilikuwa: nani anarithi? Mtu anayeheshimu mizimu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuishuku. Sitasema kama swali lao liliwafikisha kwa mhalifu. Msomaji ambaye bado hajakifungua kitabu ana haki zake. Ila ni wazi kwamba somo la kuacha ushirikina liliwakuta hawalihitaji, na kilichowashika hadi mwisho ni mirathi.

Kitabu gani kiende darasani?

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vitatafutwa, na nina hakika riwaya ya upelelezi itapendekezwa, kwa kuwa huvutia wanaoanza kusoma. Kuna watakaosema Gamba aachwe, kwa ajili ya kumbukumbu nilizozieleza, na Bwana Msa achukuliwe kwa usalama. Sikubaliani nao. Lugha iliyowahi kuogopwa haitapendwa kwa kuficha ilivyoogopwa. Kufa na Kupona isomwe Tororo, na isomwe pamoja na Mzimu wa Watu wa Kale, na mwalimu asiwaulize wanafunzi Gamba ni jasiri kiasi gani. Awatume nyumbani na sura moja, waisome kwa sauti mbele ya babu au bibi, kisha warudi waeleze msikilizaji alimhofia nani na katika sentensi ipi.