Emakererei: Jina Ambalo Hakupewa na Mama

Simama steji ya Kitengela uite "Naserian!" uone wasichana wangapi watageuka. Kwa Kimaa, serian ni amani, na ile Na- ya mwanzo inatuambia anayetajwa ni wa kike. Mzazi anampa binti jina kama dua.

Lakini jamii nayo hutoa majina, na hapo ndipo Henry ole Kulet anapotugusa katika Blossoms of the Savannah (2008). Wengi wetu tulikisoma shuleni tukiwinda maswali ya mtihani tu. Hebu kirudie ukisikiliza majina. Taiyo na Resian wanahamia Nasila na kukuta jina linawasubiri: intoiye nemengalana, wasichana ambao hawajakeketwa. Kabla kisu hakijafika, neno limeshafika.

Jibu la Kulet ni jina lingine. Minik ene Nkoitoi alisoma Makerere, basi watu wakamwita Emakererei: chuo kikuu kizima kikavishwa E- ya kike ya Kimaa! Wazee wanalitamka kwa chuki. Resian analitamka kwa matumaini.

Lalamiko langu ni moja. Minik anabaki jina kuliko mtu. Anaokoa, anapigana, hachoki, hakosei. Ningependa kumwona hata siku moja akiwa na mashaka.

Hata hivyo, binti wa Kajiado akifunga kitabu hiki anaondoka na kitu: ukiitwa jina usilolitaka, si lazima uitike.