Ukingo Wenye Meno ya Msumeno

Mbele ya jengo moja la ofisi hapa Posta, upande unaoshuka kutoka Mtaa wa Samora kuelekea bandarini, kuna kipande cha ukoka kisichozidi ukubwa wa sebule mbili. Ukingo wake ulijengwa mara mbili katika muda wa miezi miwili. Mara ya kwanza kila jiwe lilikaa sawasawa, lakini ukingo mzima ukawa haufai. Nilikuwepo mara zote mbili, na naona kosa lile linastahili kuchambuliwa kwa sababu fundi aliyelifanya hakuwa mzembe. Alipima kila kitu, ila alichokuwa anakipima sicho.

Alikuwa na mawe ya zege 24, kila moja urefu wa sentimeta 50 na kimo cha sentimeta 25. Aliweka jiwe, akalaza pima maji juu yake, akaligonga kwa nyundo ya mpira mpaka kipovu kikatulia katikati, kisha akahamia lingine. "Hii haidanganyi, kaka," aliniambia. Kweli haidanganyi. Lakini ardhi ile inashuka sentimeta 36 ndani ya mita 12, yaani sentimeta 3 kila mita. Ukilaza kila jiwe bapa kwenye mteremko wa namna hiyo, kila kiungo kinabaki na kidato cha sentimeta moja na nusu. Ukisimama mwanzoni ukatazama hadi mwisho, unaona msumeno. Mkata majani naye anajikwaa kila hatua.

Jicho la binadamu haligundui kwa urahisi mteremko laini, linagundua mkunjo. Ndiyo maana kwenye ardhi isiyo sawa uamuzi wa kwanza hutangulia sururu: ukingo utafuata nini? Ukifuata kila tuta na kila shimo, utapindapinda kama nyoka. Ukilazwa bapa, upande mmoja utazama na mwingine utaning'inia. Unachotakiwa kutafuta ni mstari mmoja wa mteremko unaopita katikati ya mabonde na matuta, kisha udongo ndio unaoufuata mstari. Ngazi zina mahali pake, pale ardhi inapoporomoka kwa ukali, lakini huko zinajengwa chache, kubwa na zinazolingana, si 23 ndogondogo.

Mara ya pili mafundi walianza na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Walipigilia vigingi 7, kimoja kila mita 2. Mpira ukajazwa maji, mapovu yakatolewa yote (povu moja tu linaharibu kipimo kizima), na usawa wa maji ukawekewa alama kwenye kila kigingi. Kutoka kwenye alama hizo walishuka kwa futi: sentimeta 20 kwenye kigingi cha kwanza, kisha 26, 32, 38, 44, 50, na 56 kwenye cha mwisho. Uzi ukafungwa kwenye alama za chini, na huo ndio uliokuwa uso wa juu wa mawe. Kazi yote hiyo ilikula nusu saa.

Pima maji haikutupwa. Walichukua ubao ulionyooka wa mita moja, wakapigilia kibao cha sentimeta 3 chini ya ncha ya upande wa bondeni, na pima maji ikakaa juu ya ubao. Kipovu kikija katikati, jiwe lina mteremko uleule wa uzi. Katika kazi yote, hila hii ndiyo niliyoipenda zaidi.

Uzi ulipovutwa, ardhi ilijieleza yenyewe. Mita ya nne ilikuwa juu ya mstari kwa sentimeta 6, maana hapo unapita mzizi wa mkungu. Posta ina miti mikubwa ya miaka mingi. Bustani ya Mimea yenyewe ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na mizizi katika eneo hili ilitangulia kingo zetu nyingi. Kijana mmoja alishika panga tayari kuukata. Mzee wa bustani akamzuia, na alifanya vyema: mzizi mnene ukikatwa, mti unapoteza nanga yake upande huo. Mstari ukasogezwa sentimeta 40 kwa tao refu, kwa kutumia nusu za mawe ili tao lisionekane limekatika.

Mtaro wenyewe ulichimbwa kwa koleo pekee, kwa sababu chini ya ardhi ya katikati ya jiji kunapita nyaya na mabomba, na sururu haichagui. Mchanga wetu wa pwani ukikauka hubomoka, kwa hiyo walimwagia maji jioni ya kuamkia kazi, na kuta za mtaro zikasimama. Mawe yalilazwa juu ya zege lenye unyevu kidogo, kisha zege lingine likabanwa mgongoni mwake, upande wa ukoka, likaachwa chini vya kutosha majani yaweze kuota juu yake. Juu ya ardhi zilibaki sentimeta 5 tu.

Upande wa chini, ukingo unapokata kona na kukinga njia ya maji, waliacha nafasi nne za upana wa vidole vitatu wakazijaza kokoto. Bila hizo, mvua za Machi hadi Mei zingeugeuza ukingo kuwa bwawa, na maji yaliyofungiwa yangechimba mchanga chini ya mawe.

Sehemu niliyokuwa na wasiwasi nayo ni mita ya nane, palipokuwa na bonde la sentimeta 9 juu ya mtaro wa zamani uliofukiwa ovyo. Walitoa udongo uliolegea, wakarudisha kwa tabaka, wakamwagilia na kushindilia. Niliomba ziwekwe nondo mbili ndani ya zege la chini, zivuke sehemu hiyo kama daraja. Hazikuwekwa. Masika yalipoisha nilirudi na ubao uleule: mstari wote ulikuwa umesimama, isipokuwa mawe mawili ya mita ya nane, yaliyoshuka sentimeta moja.