Futikamba ndani ya darubini

Anayeiona kwa mara ya kwanza bunduki ya upepo ya mashindano ya Field Target huwa na maswali mawili. La kwanza ni lile gurudumu jembamba, la kipenyo cha sentimita 15 hivi, lililofungwa ubavuni mwa darubini na kuzungushiwa utepe wa namba. La pili ni darubini yenyewe: inakuza mara 50, ilhali shabaha ya mbali kabisa iko mita 50 tu. Mwindaji wa swala aliye mita 200 hutosheka na mara sita au tisa. Maswali yote mawili yana jibu moja. Darubini hii imenunuliwa kwanza kwa kupimia umbali. Kulenga kunafuata baadaye.

Haja hiyo ya kupima umbali ilizaliwa na sheria. Mchezo huu ulianzia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kule England bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, yaani takribani jouli 16.3, haihitaji cheti cha silaha. Mashindano ya dunia nayo yameshika kikomo hichohicho. Kwa nguvu hiyo, risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.55 hivi hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 240 kwa sekunde. Ikifika mita 50 imeshapoteza kama robo ya mwendo huo, na uzito umeishusha sentimita 28 hivi chini ya mstari wa mtutu. Kwa bunduki, huo ni mteremko mkali mno.

Sasa tazama risasi inakotakiwa kuingia. Shabaha ni bati lililokatwa umbo la ndege au mnyama mdogo, lenye tundu la duara. Nyuma ya tundu kuna kibao. Kikipigwa, bati linaanguka, kisha linainuliwa tena kwa kuvutwa kamba. Tundu la kawaida lina kipenyo cha milimita 40, na kwa shabaha za karibu linaweza kupunguzwa hadi 15. Ukigonga bati pembeni, hupati kitu. Waandaaji huziweka shabaha popote wapendapo, bondeni au juu ya tawi, kuanzia mita chache hadi 50, bila kumwambia mtu umbali. Vipimo vya leza ni marufuku.

Fanya hesabu. Umeiweka darubini kwa mita 50, kumbe shabaha iko mita 49: risasi itapita juu kwa milimita sita au saba. Kosea mita tatu na umeshafika milimita 20, ambayo ni nusu ya kipenyo cha tundu. Mkono haukutikisika, upepo haukuvuma, na bati bado limesimama.

Wapiga shabaha walilitatua jambo hili kwa kifaa kilichokusudiwa kazi nyingine. Lenzi ya mbele ya darubini huunda picha ya shabaha ndani ya bomba, na mahali picha inapoangukia hubadilika kadiri umbali unavyobadilika. Picha isipoangukia pale ulipo msalaba wa kulengea, msalaba huo huonekana ukitembea juu ya shabaha kila jicho linaposogea, ndiyo paralaksi. Watengenezaji wakaweka kifundo cha kuisogeza lenzi ya ndani hadi picha na msalaba vikutane. Wapiga shabaha wakaligeuza wazo hilo: kama kila umbali una mahali pake kwenye kifundo, basi kifundo kinaweza kusomwa kama futikamba. Unazungusha mpaka picha ikae kali, unasoma namba, unaangalia jedwali lako la mteremko, unazungusha kifundo cha juu, kile cha kupandisha na kushusha lengo, kwa kiasi hicho, unapiga.

Hapo ndipo ukuzaji mkubwa unapoingia. Chukua darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 56, iliyowekwa kwa mita 50, ikitazama kitu kilicho mita 49. Ikikuza mara 50, ukungu kwenye kingo za kitu hicho unalifikia jicho ukiwa na upana wa dakika nne hivi za pembe. Jicho zima huanza kutambua kwenye dakika moja, kwa hiyo ukungu huo unaonekana. Rudisha ukuzaji hadi mara 10 na ukungu unashuka chini ya dakika moja: mita 49 na mita 50 zinaonekana sawa. Kinachonunuliwa kwa bei ya darubini za kampuni kama Schmidt & Bender au March ni wembamba huo wa eneo lililo kali.

Lakini wembamba huo haugawanywi kwa haki. Kosa lilelile la mita moja, shabaha ikiwa mita 20, lingetoa ukungu zaidi ya mara sita ya ule wa mita 50. Kwa hiyo kati ya mita 40 na 50 mambo mawili yanamwangukia mpigaji kwa pamoja: risasi inashuka kwa ukali zaidi, na darubini inapima kwa ulegevu zaidi. Gurudumu, ambalo hufungwa juu ya kifundo cha kupimia, ni tiba ya sehemu ya pili. Tuchukue kifundo kinachozunguka nusu duara kutoka mita 10 hadi 50. Mita tano za mwanzo zinakula kama asilimia 40 ya mzunguko. Mita tano za mwisho zinapata chini ya asilimia tatu. Kwenye kifundo cha kawaida cha sentimita tatu na nusu, hizo za mwisho zinabanwa ndani ya milimita moja na nusu. Kwenye gurudumu la sentimita 15 zinapata zaidi ya milimita sita, na hapo kalamu yenye ncha nyembamba inaweza kuandika.

Ufundi uliobaki uko kwenye jicho, na mimi naona hapa ndipo pesa inapoacha kusaidia. Jicho lina tabia ya kujirekebisha: ukiitazama kwa muda picha yenye ukungu kidogo, litaifanya iwe kali na kukudanganya. Ndiyo maana lenzi ya nyuma hurekebishwa kwanza kwa kutazama anga tupu, mpaka msalaba uonekane mkali bila jicho kujikaza. Kisha gurudumu huzungushwa kwa mkupuo, daima kutoka upande mmoja, kwa sababu meno ya ndani huwa na ulegevu kidogo. Rangi iliyopakwa bapa haina cha kushika. Bora kamba ya kuinulia bati, nyasi zilizo mguuni mwake, au makovu ya risasi zilizotangulia.

Ukuzaji nao hudai malipo. Kwa mara 50, mwali wa nuru unaofika jichoni una upana wa milimita moja tu, na chini ya miti picha inakuwa giza. Jua likiwaka, mazigazi huichezesha picha yote. Wapo wanaopima kwa mara 50 kisha wakashusha hadi 30 au 35 ndipo wapige, na sioni ubaya wake.

Mgumu zaidi ni joto. Bomba na lenzi vikipata moto, namba za gurudumu huhama, na kila darubini huhama kwa namna yake. Utepe ulioandikwa asubuhi ya baridi unaweza kudanganya kwa mita mbili au tatu saa sita mchana, yaani hadi nusu ya kipenyo cha tundu. Wengine hubandika kipimajoto kidogo kwenye bomba na kuwa na tepe kadhaa. Wengine huifunika darubini kwa kitambaa kati ya shabaha na shabaha. Na kabla ya kuanza, kwenye uwanja wa mazoezi wenye shabaha za umbali unaojulikana, mpigaji huitazama ile ya mita 50. Gurudumu likisoma 48, anasogeza mshale wa kusomea namba kabla hajaingia msituni.