Jina Katika Jalada: Ilyas wa Gurnah na Madai ya Askari

Mtungaji wa utenzi ana desturi kongwe ya kujitaja katika beti za mwisho. Hutaja jina lake, jina la baba yake, pengine na mji wake na tarehe aliyoikamilisha kazi. Hafanyi hivyo kwa majivuno. Anajua kuwa maneno husafiri kuliko mwenyewe, na asiyejitaja hutajwa na wengine wapendavyo. Askari wa mkoloni hakupewa beti hizo. Jina lake liliandikwa na karani, kwa imla ya sikio geni, katika karatasi ya jeshi.  Vita vilipokwisha, mshahara, pensheni, nishani na hata kaburi, vyote vikaegemea jina lile la daftarini.

Hapo ndipo penye moyo wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives, iliyochapwa mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya mwandishi huyu mzaliwa wa Unguja kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Wengi wameisoma kama riwaya ya vita au ya mapenzi ya Hamza na Afiya. Ni hayo yote. Lakini uzi unaoishona kutoka mwanzo hadi mwisho ni jina moja, Ilyas. Kijana huyo, aliyechukuliwa na askari wa Kijerumani utotoni kisha akasomeshwa skuli ya misheni, anampata tena dada yake Afiya, anamfundisha kusoma na kuandika, halafu anajiunga na jeshi la Wajerumani na kutoweka. Afiya anampa mwanawe jina la kaka yake. Mtoto naye anaanza kusumbuliwa na sauti ya kike inayomuulizia Ilyas. Kwa watu wa pwani hili halihitaji ufafanuzi mrefu: jina la kurithi ni amana, na amana isiyorejeshwa hudai.

Ilyas mdogo anakwenda Ujerumani, anafuatilia nyaraka, na hatimaye anakuta jalada. Humo mjomba wake si Ilyas tena. Ni Elias Essen, mwimbaji, aliyeomba nishani ya utumishi wake vitani akakataliwa, kisha akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Msako wa jina moja umeishia kwenye jina jingine.

Anayeijua historia ataona kivuli cha mtu halisi. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta na umri wa miaka kumi. Naye alitumikia jeshini pamoja na baba yake, na mwaka 1917 akajeruhiwa huko Mahiwa na kutekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake. Akaambiwa muda wa madai umepita. Baadaye aliomba nishani ya wapiganaji, nayo akanyimwa. Huko alijulikana kwa jina la Mohamed Husen. Alifundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu nyingi, pamoja na ile ya Carl Peters iliyotoka mwaka 1941. Mwaka huohuo alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani. Alifia Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Msomaji anaweza kulalamika kwamba Gurnah ameharakisha mwisho wake. Baada ya sura ndefu zenye harufu za ghala, ua na jiko, kurasa za mwisho zinasimulia miongo kwa lugha kavu ya ofisi, na kifo cha Ilyas kinapita kama tangazo. Lalamiko hilo lina ukweli. Mtu tuliyemngoja riwaya nzima hatumsikii akisema neno. Mashairi yaliyoimbwa na Elias Essen hatuyajui, wala sababu ya yeye kulipenda hivyo taifa lililomkana. Hata hivyo ukavu huo una kazi yake. Jalada ndilo lililobaki, na jalada halisemi zaidi ya lililoulizwa. Kama mwandishi angelitia sauti tamu, angelikuwa amefanya kosa lilelile la karani: kumsemea mtu asiyekuwapo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba katika riwaya hakuna anayekwenda dirishani kudai jina lisahihishwe. Na swali hilo si jepesi. Je, ni haki kumfuta Elias na kumrudisha Ilyas? Pengine alilichagua mwenyewe jina lile, kwa tamaa ya kukubaliwa. Kulifuta ni kumnyang'anya uamuzi wake wa mwisho. Kuliacha peke yake ni kumkata na mama, baba na dada. Jibu la busara limechongwa barabarani Berlin, ambako mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo la ukumbusho wa Mahjub bin Adam Mohamed. Juu yake yako majina yote mawili, la nasaba na la ugenini. Hata rejista za makaburi ya kivita ya Waingereza zina desturi ya kutaja jina halisi la askari pamoja na lile alilotumikia nalo. Kusahihisha si kufuta. Ni kuweka ubavuni kile kilichokosekana.

Ila kwa wengi wa pwani na bara hakuna hata jina la kusahihisha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini haina orodha ya majina. Kikosi cha wapagazi kiliacha jina lake kwa mtaa mzima, Kariakoo. Wapagazi wenyewe hawakuacha yao. Na anayetaka leo kuliingiza jina la babu yake katika orodha hutakiwa ushahidi wa maandishi, ilhali ushahidi wa babu huyo uko midomoni mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Ndiyo maana Afterlives isomwe visiwani si kama fahari ya tuzo tu, bali kama kazi iliyoachwa nusu kwa makusudi. Gurnah ametuonyesha jalada na mwana aliyelifungua. Beti za mwisho, zile za mtu kutajwa kwa jina lake na la baba yake, hazimo katika riwaya. Zinasubiri katika nyumba ambamo mtoto anaitwa kwa jina la mjomba asiyerudi, na yupo bado mtu mzima anayeweza kueleza kwa nini.