Mpiga Dramu Apimwe kwa Mizani Gani?

Mabishano ya wapenzi wa roki juu ya nani fundi zaidi wa dramu huanza kwa majina na kuishia kwa kasi. Atatajwa John Bonham wa Led Zeppelin, ambaye katika "Good Times Bad Times", uliotoka mwaka 1969, alipiga kwa mguu mmoja na kanyagio moja mapigo ya mfululizo ambayo wengi walidhani yahitaji miguu miwili. Atatajwa Keith Moon wa The Who. Huku Unguja atatajwa Roger Taylor wa Queen, ingawa ni kwa sababu tu alikaa nyuma ya Farrokh Bulsara, mzaliwa wa kisiwa hiki aliyejulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury. Kisha atatokea wa kumcheka Ringo Starr kwa kukosa mbwembwe, na hapo mjadala hufa, maana kipimo kilichotumika ni cha kuhesabu mapigo, si cha kuyasikiliza.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ana masikio yaliyokwisha kuandaliwa kwa kazi hii, pengine bila kujijua. Kipande cha kawaida cha roki kina mapigo makuu manne, na kila pigo laweza kugawika mara nne: jumla nafasi 16. Mshororo wa tarbia, kwa desturi, una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mshororo huo ukilazwa juu ya kipande hicho, silabi moja kwa nafasi moja, ile ngoma ndogo yenye nyaya tumboni, ambayo mlio wake mkali ndio uti wa mgongo wa roki, huangukia silabi ya tano ya ukwapi na ya tano ya utao. Nao mdundo aliousambaza Bo Diddley mwaka 1955 una mapigo matano ndani ya nafasi hizo: la kwanza, la nne, la saba, la kumi na moja na la kumi na tatu. Matatu yamo katika ukwapi, mawili katika utao. Ukwapi umeshiba na utao una njaa. Tofauti hiyo ndiyo inayousukuma mwili kucheza. Kavasha ya Kinshasa, ambayo Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa husifiwa kwa kuianzisha, na ambayo iliiteka Nairobi katika miaka ya 1970, ni nduguye wa karibu.

Hata hivyo, kila mtu wa ukumbi huu anamjua mtungaji ambaye mizani zake zimetimia, vina vyake vimekaa sawa, na shairi lake ni gogo. Kutimiza hesabu ni kubisha hodi tu. Wapiga dramu wa namna hiyo ni wengi, na wengi wao wana kasi ya kutisha. Dawa ya kuwatambua ni rahisi: waombwe wapige polepole, mapigo 60 kwa dakika. Baina ya pigo na pigo pana sekunde nzima, na ndani ya sekunde hiyo hapana pa kujificha. Mkono wa kushoto ulio dhaifu kuliko wa kulia utajulikana. Pigo linalowahi litajulikana. Yatajulikana pia yale mapigo madogo yanayonong'ona baina ya makubwa, kama yapo, na kama mpigaji anayapiga kwa makusudi au yamemponyoka.

Charlie Watts wa The Rolling Stones, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa na tabia ambayo wanafunzi wa dramu huijadili hadi leo: kila mkono wa kushoto ulipoipiga ngoma ndogo, mkono wa kulia uliinuka na kuyaacha matoazi yanyamaze. Pigo likasikika peke yake, lina hewa kulizunguka. Hakuna orodha ya kasi inayoweza kuliandika jambo hilo, kwa kuwa ni jambo lisilopigwa.

Mzungu aliyetaka kujifunza zaidi alikwenda Afrika ya Magharibi. Ginger Baker, baada ya kuvunjika kwa Cream mwaka 1968, alivuka Sahara kwa gari hadi Lagos, akapiga na Fela Kuti, ambaye tayari alikuwa na Tony Allen, fundi aliyevipa viungo vyake vinne kauli nne zisizogombana. Safari hiyo imesimuliwa mno, na imejenga dhana kwamba Afrika ni bara la ngoma tu. Laiti Baker angegeuza gari kuelekea Arusha, angekuta mtihani wa namna nyingine kabisa.

Jiji la Arusha limekaa chini ya mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Si mji uliokosa muziki wa vyombo. Ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga, watu wa Tanga, walihamia hapo na mwaka 1970 wakaunda Arusha Jazz, kabla ya kwenda Nairobi na kuzaliwa kwa Simba Wanyika. Katika muziki huo magitaa ndiyo yenye maneno, na dramu ni mtumishi mwenye adabu. Anayetaka kuona unyenyekevu wa kifundi asikilize jinsi mpigaji anavyoshika mwendo ule ule dakika saba bila kuomba makofi.

Lakini nje kidogo ya jiji, kwa Wamaasai wa nyanda na kwa Waarusha wanaolima miteremkoni na kusema Kimaa, uimbaji wa jadi hauna ngoma. Kiongozi wa wimbo, olaranyani, huanzisha, na wenzake humpokea kwa mngurumo wa koo unaokwenda kwa pumzi: kichwa huenda mbele pumzi ikitoka, hurudi nyuma pumzi ikiingia. Vijana wanaporuka, kishindo cha nyayo ni pigo. Na pigo hilo halitawaliwi na saa. Anayeruka juu zaidi huchelewa kutua zaidi, na wimbo humngoja.

Mpiga dramu aliyelelewa kwa roki, au kwa kwaya za makanisani ambamo vijana wengi hujifunzia chombo hiki, akialikwa kuusindikiza wimbo wa namna hiyo, tabia ya mguu wake wa kulia ni kujaza. Na ngoma kubwa ya mguuni inakaa pale pale panapokaa mngurumo wa koo za wanaume, chini kabisa ya sauti. Kila anapoikanyaga anazika pumzi. Wimbo unabaki na utenzi wa juu juu, umepoteza kifua. Tena kama ana metronomu sikioni, atamlazimisha mrukaji atue kabla ya wakati wake.

Hapa wapo wanaojibu kwamba basi ufundi hauna kazi, aachwe mwenye moyo apige apendavyo. Jibu hilo ni la uvivu. Kupiga matoazi kwa ncha ya kijiti, kwa sauti ya chini, kwa dakika nyingi, huku mwendo ukipanuka na kusinyaa kwa kufuata miili ya watu wengine, kunataka mkono uliofunzwa kuliko ule unaofyatua mapigo ya mfululizo. Asiyeweza kupiga kwa nguvu na kwa kasi hana cha kuzuia. Na asiyezuia, Kimaa kitamshinda.

Suala hili si la nadharia. Mwaka 2004 kundi la X Plastaz la Arusha lilitoa albamu ya "Maasai Hip Hop", ambamo sauti ya Kimaa ya Merege inakaa jirani na ufokaji wa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya ujasiri, na iliifikisha Arusha mbali. Tangu wakati huo sauti za Kimaa zimezidi kuwekwa juu ya midundo ya mashine katika studio nyingi za Tanzania, na mashine haina sikio la kungoja. Pumzi hukatwa ikae kwenye nafasi 16, na kizazi kinachojifunza wimbo kutoka kwenye rekodi kinauimba ukiwa umekwisha kukatwa. Mpiga dramu wa nyama na damu, aliyekaa nyuma ya olaranyani na mguu wake wa kulia ukiwa sakafuni, mbali na kanyagio, angeweza kuuacha mzima.