Kikao Kimeamua

Tulipofundisha lugha tuliwaambia watoto kwamba katika sentensi watafute kwanza mtenda. Taarifa za Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi zina mtenda, ila huyo mtenda si mtu. Ni kikao. Kikao kimeamua, kikao kimeridhia, kikao kimeagiza, na mara nyingi kwa kauli moja. Nimezisoma taarifa za aina hiyo tangu chama kikiwa TANU, na katika miaka ya ualimu wangu mkuu nilizisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi, kwa kuwa somo la siasa lilitaka hivyo. Kura za kuteua majina hutangazwa. Hoja za waliokataa sijapata kuzikuta katika taarifa hata moja.

Sisi wa Kizota, upande huu wa barabara ya Singida, tumekuwa majirani wa mambo hayo. Mkutano Mkuu wa Novemba 2012 ulifanyika katika ukumbi wa hapa hapa. Nyakati kama hizo nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza masufuria, na habari za ndani hutufikia kwa njia ya madereva kabla redio haijasema lolote. Dereva wa mjumbe ni mwandishi wa habari asiye na gazeti. Lakini yeye naye hujua nani kashinda tu. Kwa nini kashinda, hilo hubaki ndani.

Ingekuwa chama cha ushirika au klabu ya mpira nisingejisumbua. Jambo lenyewe ni zito kuliko hapo. Katiba ya muda ya mwaka 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, na Halmashauri Kuu ndiyo iliyopitisha majina mawili ya wagombea kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 1967, kabla Bunge halijaligusa. Oktoba 1968 Halmashauri hiyo iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, akiwamo Joseph Kasella Bantu, na kwa kupoteza kadi wakapoteza viti walivyopewa na wapiga kura. Mwaka 1975 ukuu wa chama ukaandikwa katika Katiba yenyewe. Tangu hapo hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi Julai 1992, kikao cha chama kilikuwa juu ya serikali kwa maandishi, si kwa mazoea tu.

Waliokaa ndani ya vikao hivyo kisha wakaandika kitabu ni wachache. Wawili kati yao waliandika mwaka mmoja, 1994, na vitabu vyao yafaa visomwe pamoja. Wa kwanza ni Mwalimu Nyerere, kwa Kiswahili, katika *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*. Wa pili ni Aboud Jumbe, kwa Kiingereza, katika *The Partner-ship*. Wote wawili wanaandika juu ya Muungano. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kikao cha Dodoma cha Januari 1984. Mwingine ndiye aliyejadiliwa humo, akatoka akiwa hana urais wa Zanzibar, wala umakamu wa rais wa Muungano, wala umakamu mwenyekiti wa chama. Kosa lililotajwa lilikuwa kuandaa hoja za kutaka muundo wa Muungano ubadilishwe.

Kitabu cha Mwalimu nimekisoma mara tatu. Kiswahili chake kinapendeza kwa kuwa hakina pambo: mtu amekasirika, anaeleza sababu. Agosti 1993 Bunge lilikuwa limekubali hoja ya wabunge hamsini na watano ya kutaka Serikali ya Tanganyika, ilhali sera ya chama ilikuwa serikali mbili. Mwalimu anauliza ni kikao gani cha chama kilichobadili sera hiyo, na anawabebesha lawama Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu Horace Kolimba. Anayetaka sera nyingine, anasema, aende kwenye vikao akashawishi, au atoke. Hoja hiyo ni safi, na mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia kikao cha walimu ataielewa.

Lakini tazama jinsi jambo lenyewe lilivyomalizika. Mwalimu alikuwa ameacha uenyekiti mwaka 1990. Hakuwa tena na kiti cha kuongoza. Alipokwenda kusema, upepo ukageuka. Wanachama wakaulizwa maoni, na mwaka 1994 chama na Bunge vikaiacha Tanganyika. Mimi niliyafurahia matokeo, maana sipendi Muungano ukatwekatwe. Hata hivyo msomaji makini hawezi kukwepa swali: kitabu kinachotetea utaratibu wa vikao kinatuonyesha kikao kilichogeuka kwa sababu mzee mmoja mwenye uzito alinyanyuka. Watu wale wale walioacha hoja ipite walikuja kuiacha ife. Walishawishika, au waliogopa? Mwalimu hatuambii, na nadhani hakujiuliza, kwa kuwa sauti yake mwenyewe hakuweza kuisikia kama sisi tulivyoisikia. Hapo ndipo kitabu cha Jumbe kinapohitajika, si kwa sababu hoja zake za kisheria zote zinanishawishi, bali kwa sababu mtu aliyekaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo huuona urefu wake vingine.

Kolimba naye aliishia vibaya. Alikuwa amesema hadharani kwamba chama kimepoteza dira, na Machi 1997 akaitwa Dodoma kujieleza. Aliugua ghafla akafariki. Yaliyosemwa siku ile hayakuelezwa kwa kirefu, kwa hiyo wananchi wakajieleza wenyewe, na uvumi wa wakati ule bado naukuta vijiweni mpaka leo. Waliotunza siri hawakuisaidia heshima ya kikao.

Mara moja tu katika maisha yangu nimeona ukuta huo ukipasuka hadharani. Julai 2015 wanachama 38 walirudisha fomu za kuomba urais, Kamati Kuu ikabakiza watano, na Edward Lowassa hakuwamo. Usiku ule Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wajumbe wa Kamati Kuu, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakasema hawakubaliani na uamuzi. Halmashauri Kuu ikaendelea, ikapeleka majina matatu, na John Magufuli akashinda kwa kura 2,104. Machi 2017 adhabu zikatoka: Simba akafukuzwa, Nchimbi akapewa onyo kali, Kimbisa akasamehewa. Katika mkutano wa Machi hiyo hiyo Halmashauri Kuu ilipunguzwa kutoka wajumbe 388 hadi 158. Idadi ilizungumzwa sana magazetini. Jambo la mjumbe kuwa na ruhusa ya kueleza alivyopiga kura halikuzungumzwa. Na kwa kuwa siasa ina mizaha yake, Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu ulipompitisha Rais Samia Suluhu Hassan bila jina la pili, mgombea mwenza alikuwa Nchimbi yule yule.

Sidai vikao vya leo vifanyike uwanjani. Hata kikao cha walimu kina mambo yasiyotoka. Ninachodai ni cha nyuma. Sheria ya mwaka 2002 kuhusu kumbukumbu na nyaraka za taifa inafungua nyaraka za umma baada ya miaka thelathini. Chama kitasema si ofisi ya umma, na kwa leo ni kweli. Lakini kati ya 1975 na 1992 Katiba ilikiweka juu ya ofisi zote za umma, kikalipiwa na fedha za umma, na maamuzi yake yakawa maisha yetu, vijiji vya ujamaa vikiwamo. Mihtasari ya miaka hiyo ni ya nchi, si ya wanachama peke yao. Kwa hesabu hiyo muhtasari wa Januari 1984 ungekuwa wazi tangu 2014. Mwalimu alifariki mwaka 1999, Jumbe mwaka 2016, na Mzee Mwinyi, aliyekabidhiwa Zanzibar mara baada ya kikao kile, mwaka 2024. Mimi bado nasoma bila shida nikivaa miwani, na kutoka Kizota hadi makao makuu ya chama ni nauli ya daladala moja.