Sifa ya Kazi ya Bushi

Zipo kazi za ufundi ambazo zikikamilika huvuta macho ya wapita njia, kama kupiga rangi bodi la gari likameremeta, na zipo nyingine ambazo ukamilifu wake ni kutosikika kabisa. Na katika hizi za pili sijui iliyo stahiki ya sifa kuliko kubadilisha bushi za springi katika Land Rover kongwe ya Series III, gari lililokoma kuundwa mwaka 1985, na ambalo lingali likipanda milima yetu.

Bushi ni kitu kidogo: mwanzi wa chuma ndani ya mwanzi mwingine, na baina yake mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Hutiwa katika tundu la ncha ya springi, na nyingine katika chasisi, bolti ikapita katikati. Na springi inapopanda na kushuka, mpira hujinyonga kisha hujinyongoa, mchana kutwa, hata siku utakapopasuka, gari lianze kugonga kwenye mashimo na kutangatanga njiani.

Fundi mwenye maarifa hukinga magurudumu kwa magogo, hukalisha chasisi juu ya stendi imara, kwani jeki pekee si amana ya kulaliwa chini yake, ndipo aingize mtaimbo kandokando ya bushi na kuusukuma taratibu, akitazama kama mwanzi wa ndani unahama mahali pake, kama mpira umefumuka ukingoni, au kama pana vumbi jekundu la kutu. Mwanzi wa nje aghalabu umegandamana na tundu lake; naye huupasua kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, kwa urefu wake, akikoma kabla meno hayajalijeruhi tundu lenyewe. Hapo ndipo subira hupimwa, na mwenye haraka huharibu springi nzima. Bushi mpya huvutwa ndani kwa bolti ndefu na kipande cha bomba kinachokandamiza mwanzi wa nje peke yake, wala mpira haupakwi grisi, maana mafuta huuozesha.

Lakini ustadi ninaoustahi kupita wote umo katika jambo ambalo wengi hulipuuza: nati za bushi hazikazwi gari likiwa bado limening'inia. Sharti lishushwe kwanza, lisimame kwa uzito wake juu ya matairi yake. La sivyo mpira, ulioshikwa ukiwa katika mkao usio wake, hukaa umenyongwa hata gari likiwa limeegeshwa, kama shingo ya mtu aliyelala vibaya, nao huchanika kabla ya wakati. Kosa hili halionekani siku gari linapotoka karakana, na hakuna mteja awezaye kulikagua. Kwa hiyo fundi anayejilaza tena mchangani, spana mkononi, kwa ajili ya mizunguko hiyo michache ya mwisho, afanya hivyo kwa ikhlasi tupu, kisha humwomba mwenye gari alirudishe baada ya safari ya kwanza, nati zikaguliwe upya.